Makocha wapya wa Kariakoo na hukumu ya miezi mitatu

Oktoba 18, 2025 Yanga, ambayo pamoja na Simba ndizo klabu mbili kubwa za Kariakoo, Dar es Salaam, ilifungwa 1-0 na Silver Strikers mjini Lilongwe, katika mkondo wa kwanza wa raundi ya pili ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kabla siku haijaisha, klabu ilikuwa imetangaza kuachana na kocha wake, Romain Folz, aliyeajiriwa Julai mwaka huo huo na ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa ameifunga Simba 1-0 katika Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu. Wiki moja baadaye, bila yeye, Yanga ilishinda 2-0 Uwanja wa Benjamin Mkapa na kuingia hatua ya makundi. Kwa mashabiki wengi wa Jangwani, yaani wa Yanga, mjadala wa kama kocha mpya avumiliwe au ahukumiwe mapema uliishia hapo: kocha ameondoka, timu imefuzu, anayetaka kusema zaidi aseme na ukuta.

Hoja yao haina udhaifu ambao wapinzani wao hupenda kuidhania. Ratiba ya mashindano ya Afrika haimjali kocha aliyeingia Julai. Hatua za awali huchezwa kuanzia Septemba, mechi mbili nyumbani na ugenini zikipishana kwa wiki moja tu, na klabu inayotolewa hapo inakosa dola 700,000 ambazo CAF, shirikisho la soka la Afrika, huzitoa kwa timu iliyoishia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, pamoja na mapato ya milangoni ya mechi tatu za nyumbani. Katika mazingira hayo, kumwambia mwanachama asubiri hadi Januari ndipo amhukumu kocha ni kumwomba asubiri moto uzime wenyewe. Tena shabiki huyo analipa. Ananunua jezi halisi na kukata tiketi, na timu ikicheza vibaya mwezi wa kwanza anayoona si matokeo peke yake. Anaona viungo wasiojua wasimame wapi na washambuliaji wanaosubiri krosi zisizofika. Kumwita mtu huyo mhemko mtupu ni kumkosea heshima.

Hata hivyo, kuna ushahidi ambao upande huu huutaja kwa kujiamini kupita kiasi, na nadhani huo ndio unaostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko mengine yote. Unahusu msimu wa 2024/25. Yanga ilianza msimu huo na Miguel Gamondi, ikamwondoa Novemba 2024 baada ya kufungwa mfululizo na Azam na Tabora United, ikamleta Sead Ramović, ambaye aliondoka mwenyewe Februari kwenda Algeria, kisha ikamkabidhi timu Miloud Hamdi, na mwisho wa yote ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu kwa mara ya nne mfululizo. Makocha watatu, ubingwa ule ule. Kwa vijiwe vya Kariakoo huo ni uthibitisho kwamba kocha ni mpita njia na timu ndiyo mwenye nyumba.

Uthibitisho huo unahitaji kuwekwa kando ya msimu mwingine wa klabu hiyo hiyo, wa 2020/21. Yanga ilianza na Mserbia Zlatko Krmpotić, ambaye aliondolewa Oktoba mwanzoni akiwa hajapoteza mechi hata moja ya ligi na saa chache baada ya kuifunga Coastal Union 3-0, kwa sababu iliyotajwa zaidi mitaani kwamba soka lake halikuvutia. Akaja Cedric Kaze kutoka Burundi. Kaze aliiongoza timu kileleni mwa ligi, akatwaa Kombe la Mapinduzi mbele ya Simba Januari 2021, halafu Machi akafungwa na Coastal Union na kutoka sare na Polisi Tanzania, na benchi lote la ufundi likafungishwa virago Yanga ikiwa bado inaongoza msimamo. Juma Mwambusi akakaimu, na Aprili akaingia Nasreddine Nabi. Simba ikawa bingwa kwa mara ya nne mfululizo, kisha ikaifunga Yanga 1-0 mjini Kigoma katika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani.

Idadi ya mabadiliko katika misimu hiyo miwili inakaribiana, lakini matokeo hayakufanana hata kidogo, na tofauti haiwezi kuelezwa kwa ujasiri wa viongozi, kwa kuwa ujasiri wa kufukuza ulikuwapo mara zote mbili. Tofauti ni kile ambacho kocha mpya alikikuta mezani. Ramović na Hamdi waliikuta timu iliyokuwa imeshatwaa ubingwa mara tatu mfululizo, yenye kipa, mabeki na viungo waliozoeana kwa misimu kadhaa, timu iliyojua jinsi ya kushinda mechi mbaya ugenini hata kocha akiwa bado hajakariri majina yao. Kaze na Nabi walikuta kikosi kilichokuwa kinajengwa upya kila dirisha la usajili. Kwa hiyo 2024/25 haituambii kwamba uvumilivu hauna kazi. Inatuambia kwamba klabu iliyowahi kuvumilia inaweza, kwa muda fulani, kula akiba yake.

Na akiba hiyo iliwekwa na nani? Hapa ndipo kumbukumbu za mashabiki wetu huwa fupi kwa namna ya kushangaza.

Septemba 2021, Nabi akiwa na miezi mitano kazini, Yanga ilitolewa na Rivers United ya Nigeria katika hatua ya awali kabisa ya Ligi ya Mabingwa, ikifungwa 1-0 Dar es Salaam na 1-0 Port Harcourt, huku baadhi ya wachezaji wake wapya wakishindwa kucheza kwa sababu nyaraka za usajili wao zilichelewa. Kwa kipimo kilichotumika kwa Folz, kibarua cha Nabi kilipaswa kuota nyasi uwanja wa ndege kabla ya mabegi kushushwa. Uongozi ulimbakisha. Wiki hiyo hiyo mshambuliaji Fiston Mayele aliifunga Simba katika Ngao ya Jamii, na msimu ulipokwisha Yanga ilikuwa bingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi.

Mtu anaweza kusema kwamba kushinda Ngao ya Jamii kuliokoa kila kitu, na kwamba uvumilivu wa 2021 ulikuwa wa siku sita tu. Sawa. Basi tuutazame mwezi wa Oktoba 2022, ambao kwangu ndio mwezi wenye mafunzo mengi zaidi katika historia ya karibuni ya soka la Tanzania. Yanga ilitoka sare ya 1-1 na Al Hilal ya Sudan nyumbani, ikafungwa 1-0 kule Omdurman na kutolewa tena kwenye Ligi ya Mabingwa, ikatoka sare ya 1-1 na Simba katika dabi, kisha Novemba 2 ikatoka suluhu na Club Africain kwa Mkapa, katika mchujo wa Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi nne kubwa ndani ya mwezi mmoja, ushindi sifuri. Kelele za kutaka Nabi aondoke hazikuwa za watu wachache waliokosa kazi. Zilitoka kwa wanachama wa miaka mingi, wachambuzi wa redioni na wachezaji wa zamani, na hoja yao ilikuwa nzuri: kocha huyu anatosha kwa ligi ya ndani, hatoshi kwa Afrika, na mara mbili ameshaonyesha hivyo.

Novemba 9 Stephane Aziz Ki alifunga mjini Tunis, Yanga ikashinda 1-0 na kuingia makundi. Iliongoza kundi lililokuwa na US Monastir, TP Mazembe na Real Bamako. Robo fainali ikakutana na Rivers United, wale wale wa 2021, na Mayele akawafunga mabao mawili kwao kabla ya suluhu ya Dar es Salaam. Ikawatoa Marumo Gallants ya Afrika Kusini, ikafika fainali, na huko ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu, baada ya kufungwa 2-1 na USM Alger nyumbani na kuwafunga 1-0 kwao Algiers. Nabi aliondoka mwaka huo akiwa na mataji mawili ya ligi, na Gamondi aliyempokea akaipeleka Yanga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998.

Siandiki haya ili kudai kwamba kila kocha anayefungwa ni Nabi ambaye hajagunduliwa. Hilo ndilo kosa la watetezi wengi wa uvumilivu, hasa wale wanaoukimbilia mfano wa kocha Mikel Arteta na Arsenal kila timu yao inapopoteza. Ni kweli Arsenal ilimaliza nafasi ya nane mara mbili mfululizo, ikafungwa mechi tatu za kwanza za 2021/22 bila kupata bao, na baadaye ikamaliza ya pili misimu mitatu mfululizo. Lakini Manchester United nayo ilivumilia. Ilimwongezea kocha Erik ten Hag mkataba Julai 2024 baada ya kumaliza nafasi ya nane, kisha ikamfukuza Oktoba hiyo hiyo na kumlipa fidia, na msimu ukaishia nafasi ya 15. Mfano mmoja wa Ulaya unaweza kuvutwa upande wowote, na shabiki wa Mbagala anayezomewa kwa kumtaja Alex Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United, anazomewa kwa haki.

Kinachomtofautisha Nabi wa Oktoba 2022 na kocha wa kufukuzwa ni kwamba ushahidi wake ulikuwa wazi kwa aliyetaka kuutazama. Katika mwezi ule wote wa kelele Yanga haikuwa imepoteza mechi ya ligi tangu msimu wa 2020/21, na ilikuja kufikisha mechi 49 bila kufungwa kabla Ihefu haijaukata mfululizo huo mwishoni mwa Novemba. Timu haikuwa imevunjika. Ilikuwa inakwama mbele ya wapinzani wa kiwango fulani, na tatizo la namna hiyo mara nyingi hutatuliwa kwa mchezaji mmoja, kwa mpangilio wa viungo au kwa uzoefu wa mechi mbili tatu zaidi, si kwa benchi jipya lisilojua hata nani anaumwa goti. Kwa Folz picha ni ngumu zaidi, na sitaki kujifanya ni nyepesi. Alikuwa na ushindi mwingi, lakini sare tasa na Mbeya City na namna timu ilivyosuasua ziliwapa watu sababu ya kuogopa. Huenda walikuwa sahihi. Ninachokataa ni kuitumia 2-0 ya marudiano kama hati ya ushahidi, kwa sababu Yanga kuifunga Silver Strikers nyumbani kwa mabao mawili ni jambo ambalo shabiki yeyote wa Jangwani angeliahidi hata kama kocha angebaki.

Upande wa Msimbazi, yaani Simba, unatoa hesabu chungu zaidi. Tangu Didier Gomes aondoke Oktoba 2021, baada ya Jwaneng Galaxy ya Botswana kupindua matokeo kwa kushinda 3-1 Dar es Salaam, Simba imefundishwa na Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Abdelhak Benchikha, Fadlu Davids na, hadi Desemba 2025, Dimitar Pantev, bila kuhesabu waliokaimu, na katika misimu minne iliyofuata hadi 2024/25 haikuupata ubingwa wa ligi. Si wote waliofukuzwa. Zoran na Fadlu walifuata kazi nyingine, na Benchikha alitaja sababu za kifamilia. Lakini Robertinho aliyeifikisha timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa aliondolewa siku chache baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga Novemba 2023, na Pantev aliingia Oktoba 2025 na kuondoka kabla mwaka haujaisha. Kocha pekee wa mlolongo huo aliyeanza msimu na kuumaliza akiwa benchi ni Fadlu, na huo ndio msimu ambao Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Msimu mmoja hauthibitishi kanuni, na kikosi chake kilikuwa na mapungufu yaliyoonekana. Bado, ni vigumu kuukwepa mfanano huo na wa Yanga: fainali mbili za Afrika ambazo soka letu limezicheza katika miaka hii zimefikiwa na makocha walioachwa wamalize kazi waliyoianza.

Gharama isiyotajwa sana ni ya wachezaji. Kila kocha huja na majina yake, na anapoondoka majina hayo hubaki kwenye orodha ya mishahara. Aliyesajiliwa kwa ajili ya mfumo wa mabeki watatu anakaa jukwaani chini ya kocha wa mabeki wanne, anatolewa kwa mkopo au mkataba unavunjwa, na asipolipwa shauri linafika FIFA na adhabu yake ni klabu kufungiwa kusajili. Hesabu ya dola 700,000 zinazookolewa kwa kumfukuza kocha mapema ingepaswa kuwekwa kando ya fidia yake, ya wasaidizi wake na ya wachezaji wanne watano ambao mrithi wake hatawataka. Sijawahi kuiona hesabu hiyo ikiwekwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu, ingawa kila mwaka tunasomewa mapato na matumizi.

Lingekuwa jambo la kawaida tu kama klabu ingesema siku ya utambulisho kwamba kocha atapimwa mwisho wa mzunguko wa kwanza wa ligi, na kwamba mechi za awali za Afrika zitatathminiwa pamoja na waliosajili na walioandaa vibali, si na yeye peke yake. Septemba 2021 wachezaji walikosa nyaraka, na hakuna aliyeandamana kudai ofisi ya usajili ijiuzulu.