Mwekezaji ni yuleyule, sa kwanini huku ana adabu

Leo lanchi kazini hapa Stavanger, Norway, jamaa mmoja Mnorwe anatafuna mkate wake wa jibini ya kahawia, akaniuliza si nyie Tanzania mna gesi kibao baharini, kampuni yetu ndo iliigundua, sa hivi si mko vizuri? Yaani nilikosa pa kuanzia. Hakuwa na nia mbaya na ndo kilichoniudhi zaidi, maana kwake ni hesabu rahisi, gesi imepatikana watu wamekuwa vizuri, basi.

Kwao ndo ilivyokuwa. Mafuta ya Ekofisk, kisima cha baharini kwao, yalipatikana 1969 na aliyekuwa anachimba ni mgeni, Phillips ya Marekani, mwekezaji wa nje kama hawahawa tunaowaimba kila siku. Hakufukuzwa. Alikuta masharti, na masharti yako kwenye sheria, leo kodi ya faida ya mafuta inafika asilimia 78, uwe Mmarekani au uwe Equinor, ile ya serikali yao iliyokuwa inaitwa Statoil. Hakuna cha waziri kujifungia na mtu wapange asilimia. Na ule mfuko wanakoweka hela, fungua tovuti yake utaona namba kubwa inakimbia, tarakimu za mwisho hazitulii hata sekunde, mtoto wa shule anaona hela ya taifa lake imefika wapi.

Sasa Statoil hiyohiyo ikaja kwetu, 2012 ikapata gesi Zafarani, bahari ya Lindi. Huku masharti yako kwenye sheria, kule yako kwenye mkataba na mkataba uko kabatini. 2014 PAC wakaomba mikataba ya gesi, kamati ya Bunge hiyo jamani, TPDC, shirika letu la mafuta la serikali, wakagoma kuitoa mpaka ikaamriwa wakubwa wao wakamatwe. Mwaka huohuo ikavuja nyongeza ya mkataba wa Statoil, watu wakapiga hesabu wakasema tumepigwa, kampuni ikasema hesabu zenu siyo, na sisi wengine tukabaki kugeuza shingo kama watazamaji wa mpira maana hatukuwa na karatasi mkononi ya kujua nani mkweli. 2015 ikatungwa sheria ya uwazi, mikataba iwekwe hadharani. Haya, kaitafute ya Lindi, ukiipata nitumie.

Najua mnavyokuja. "Kaonja jibini anajiona Mzungu." "Norway watu milioni tano na kitu, utafananisha na sisi?" Sawa, walikuwa na meli, na shule, na serikali iliyosimama kabla ya mafuta, hilo sikatai. Lakini wataalamu wa mafuta walikuwa wa kuhesabu. 1968 akaja mjiolojia wa Iraq, Farouk Al-Kasim, kaja na mke wake Mnorwe sababu ya matibabu ya mtoto, akaingia wizarani kuulizia tu orodha ya kampuni za mafuta akaombe kazi, wakampa kazi wao wenyewe. Mhamiaji! Akawa mmoja wa waliosuka sera yao nzima. Sisi wajiolojia tunao wa kuzaliwa, UDSM inawatoa kila mwaka, sijui tu siku ya kusaini wanakaliaga kiti gani.

Na msiniambie mwekezaji ndo mwizi. Mwekezaji anatafuta faida, huku pia anaitafuta na anaipata. Mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi 2007 ulisainiwa hotelini London na mkono uliosaini upande wetu ni wa waziri wetu, Zitto Kabwe, mbunge wakati huo, alipohoji bungeni aliyesimamishwa ni yeye. Makinikia 2017, ule mchanga wa dhahabu wa Acacia uliozuiwa kusafirishwa, tulishangilia wote, na mimi huku peke yangu chumbani, dai la dola bilioni 190 likaja kuisha kwa milioni 300 na hisa asilimia 16 za serikali. Hisa ni kitu kizuri, nilijivunia kweli, tuliwabana mpaka wakakaa mezani. Ila kwanini tubane wakati shimo lishachimbwa, siku ya kusaini tulikuwa wapi?

"Rudi ujenge nchi." Kaka, Likong'o kule Lindi watu walishalipwa fidia wapishe mradi wa LNG, yaani kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika, miaka inaenda mazungumzo hayaishi. Na we uliye karibu, mbunge wako ushamuuliza kama ameusoma huo mkataba? Alikuja na makofia na mafulana, ukachukua kofia, ukaulizia maji, sawa maji muhimu, ila hela ya hayo maji si ndo imo humo kwenye karatasi ambayo hata yeye sina hakika kama kaonyeshwa.