Madaktari mwatwambia tule mboga, mboga zenyewe zafikaje Faza?

Mimi mtu wa Faza, kisiwa cha Pate huko Lamu, lakini saa hizi niko Alice Springs, Australia, katikati ya jangwa kabisa, kwenda Darwin kilomita kama 1,500 na kwenda Adelaide vilevile, kwa hivyo nikisikia watu nyumbani wasema ati huko ulaya (nyumbani kila ng'ambo ni ulaya) chakula ni tele, mimi hucheka. Tele ni mjini. Toka nje uende zile komyuniti (vijiji) za Waaborijini, wenyeji wa asili wa huku, duka mara nyingi ni moja tu, huna pa kwenda kuulizia bei nyingine, na mvua zikikaza upande wa kaskazini barabara zakatika, watu waletewa chakula kwa meli au kwa ndege. Matunda ghali na yamenyong'onyea, soda iko palepale kwa friji ya baridi. Ugonjwa wa sukari na wa figo wawamaliza wale watu, hapa mjini vitanda vya dialisisi, vya kusafishia damu, vina kazi mchana kutwa.

Sasa niambieni hii si hadithi yetu.

Mamangu ana sukari. Kila akienda kliniki aambiwa mama punguza wanga, kula mboga za majani kwa wingi. Sawa daktari. Hebu tuifuate hiyo sukuma wiki: yatolewa Kongowea, soko kubwa la Mombasa, yapanda lori zaidi ya kilomita 300 mpaka Mokowe, gati ya bara ya Lamu, pale yashushwa yatiwa kwenye boti, boti nayo yangoja maji yajae ndiyo ipite ule mlango mwembamba wa Mkanda, yafika Mtangawanda, gati ya kisiwani kwetu, jua la utosini halafu bado safari ya nchi kavu. Mama mboga akifungua gunia majani ya juu yako sawa lakini ya katikati yamegeuka manjano, ukitia mkono wasikia joto lafuka. Atupa karibu nusu, na ile aliyotupa lazima bei yake aitie kwenye iliyobaki, yeye pia ana watoto. Indomie haiozi wala haingoji maji kujaa, ndiyo maana dukani karoti utakosa lakini indomie hukosi wallahi.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Boti hizohizo zikirudi Mokowe zabeba kamba mawe na pweza na samaki wa maana, wamelazwa kwenye barafu vizuri, waenda Malindi na Mombasa kwa mahoteli. Kwa hivyo msiniambie visiwani hakuna baridi. Baridi iko, ila ni ya kutoka tu, kuingia ni jua.

Huku Australia sisemi wamemaliza shida hii, hawajamaliza, naona kwa macho yangu. Lakini mboga na matunda hayatozwi ile kodi yao ya GST, ya bidhaa na huduma, tangu waianzishe 2000, mwaka 2020 bunge likafanya uchunguzi mzima wa bei za chakula kwenye komyuniti za mbali, na 2025 serikali ikatangaza kushusha bei ya bidhaa 30 muhimu kwenye maduka ya huko. Yaani wamekubali umbali ni jambo la serikali, si la mwenye duka na Mungu wake. Sisi umbali tumemwachia mama mboga na nahodha wa boti.

Najua kuna watakaosema pandeni wenyewe. Wapi? Visima vingi maji ni ya chumvi, ya jabia, tangi la maji ya mvua, ni ya kunywa. Khalati yangu alitia mchicha kwenye ndoo akawa aumwagia maji ya kuoshea mchele, ukatoka mzuri mashallah mpaka mbuzi wa jirani akaumaliza asubuhi moja. Wengine watasema barabara ya Garsen kuja Lamu sasa ni lami, kweli, nashukuru, lakini lami yaishia Mokowe na sisi tuko ng'ambo ya maji. Halafu kwani lazima kila kitu kitoke Kongowea? Mpeketoni na Hindi wakulima wako palepale bara ya Lamu, msimu wa embe zaoza chini ya miti kwa kukosa wa kuzibeba.

Mimi nataka nione kwenye bajeti ya kaunti pesa za boti ya mboga, hata mara mbili kwa wiki, nusu ya nauli ya mzigo ilipwe, njia ya kwanza ya mboga iwe ya kutoka Mpeketoni, na yale masanduku ya barafu yaliyopeleka kamba yasirudi matupu.