Usikimbilie bodi kubwa

Haipiti wiki bila kijana kuniuliza: "Kaka, nataka kuanza mambo ya elektroniki na akili mnemba, ninunue bodi gani?" Bodi ni kibao cha kielektroniki chenye chipu, unachokipakia programu kikafanya kazi. Wengi huwa wameshachagua. Wametazama video, wameona bodi inayofanya mahesabu ya matrilioni kwa sekunde, na kwangu wanatafuta baraka tu. Jibu langu huwavunja moyo kidogo: nunua ndogo kabisa inayoiweza kazi yako, na kama kazi yenyewe huijui bado, shuka chini zaidi.

Nayasema haya kwa sababu mimi nilianzia juu. Nilidunduliza miezi saba nikanunua kompyuta ya bodi moja yenye memori ya gigabaiti 8, nikaichomeka kwenye chaja yangu ya simu. Iliwaka vizuri. Nilipoipa kazi nzito, alama ya radi ikatokea pembeni ya skrini, halafu ikazima. Alama ile inasema umeme unaoingia ni hafifu. Raspberry Pi 4, mojawapo ya kompyuta hizo za bodi moja, inataka volti 5 na ampea 3, Raspberry Pi 5 inapendekezewa ampea 5, na chaja nyingi za barabarani hazifiki huko hata kama zimeandikwa hivyo. Kabla sijapata chaja ya maana, umeme ukakatika mtaani mara tatu jioni moja. Memori kadi ikaharibika na kila kilichokuwa ndani kikapotea. Bodi ikalala kabatini karibu mwaka mzima, kwa sababu hela ya chaja, ya memori kadi nzuri na ya feni ilikuwa imeishia kwenye bodi yenyewe.

Raspberry Pi ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Walioibuni, Eben Upton na wenzake pale Cambridge, Uingereza, walikuwa wameona kwamba vijana wanaoomba kusomea kompyuta chuoni wanafika bila kuwahi kuivuruga mashine kwa mikono yao. Kwa hiyo walitaka kompyuta ambayo mtoto akiiunguza, nyumbani hapaingii msiba. Mwaka 2015 wakatoa toleo dogo, Zero, kwa dola 5, na wakaibandika bure kwenye jalada la jarida lao. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya vitu hivi. Bodi unayoogopa kuigusa haikufundishi chochote, na bodi iliyokugharimu akiba ya miezi saba utaiogopa tu.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Raspberry Pi, hata Zero 2 W ya mwaka 2021 iliyotoka kwa dola 15, ni kompyuta kamili: inaendesha Linux, mfumo wa kompyuta kama ulivyo Windows, na unaweza kuiwekea skrini na kibodi. Bodi kama ESP32 ya kampuni ya Espressif, au Pico ya hao hao Raspberry Pi iliyotoka kwa dola 4, ni kitu kingine. Hazina Linux wala memori kadi. Unazipakia programu moja, nazo zinairudia hiyo hiyo mpaka uzime. Umeme ukikatika haziharibikiwi na kitu, na ukirudi zinaamka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Kwa nyumba zetu, sifa hiyo peke yake ina thamani kuliko gigabaiti nyingi.

Sikatai kwamba zipo kazi za bodi kubwa. Ukitaka kamera itazame barabara kutwa na kuhesabu bodaboda na daladala, ESP32 itakushinda. Hapo tafuta Raspberry Pi 5 na kile kifaa cha Hailo cha kuiongezea nguvu ya akili mnemba, kilichotoka 2024 kwa dola 70, au bodi ya Jetson ya NVIDIA ukiwa na uwezo. Lakini anayeanza huwa hana kazi hiyo. Ana hamu tu, na hamu inahitaji kitu kinachofanya kazi Jumamosi hii hii.

Kazi iliyonirudisha mimi mezani ilikuwa taa. Nilitaka taa ya uani iwake nikisema "washa" na izime nikisema "zima", bila intaneti. Nilichukua ESP32, maikrofoni ndogo ya kidijitali na rilei, yaani swichi ambayo bodi inaiwasha na kuizima yenyewe. Watu hawaamini kwamba akili mnemba inaingia humo, kwa hiyo piga hesabu nami. Sauti ya sekunde moja, ukiipima mara 16,000 na kila kipimo kikachukua baiti mbili, ni baiti 32,000. ESP32 ina memori ya kilobaiti 520. Modeli, yaani ile programu inayojifunza kutambua neno kwa kusikilizishwa mifano, unaifundisha kwenye laptopu, kisha namba zake unazipunguza kutoka biti 32 hadi biti 8, inabaki robo ya ukubwa wake. Yangu ilitoka na kilobaiti 20 hivi. Nafasi ikabaki tele.

Kigumu kilikuwa sauti zenyewe. Mwaka 2017 Google walitoa mkusanyiko wa sauti zaidi ya 60,000 za maneno mafupi, kila moja sekunde moja, ila ni ya Kiingereza. Kiswahili kipo kwenye Common Voice ya Mozilla, mkusanyiko wa sauti zinazochangwa na watu wa kawaida, na ni kazi nzuri sana, lakini mle kwa sehemu kubwa watu wanasoma sentensi nzima. "Washa" peke yake, ya mtu aliye uani na jogoo anawika nyuma yake, ilinibidi niitafute mwenyewe. Nikazunguka na simu. Watoto walifurahi, kila mmoja akasema mara kumi na kudai arudie. Mafundi wa kijiwe cha pikipiki wakanipa sauti za mchana na injini zikinguruma.

Nikaifunga taa. Siku ya pili jirani akatoka mlangoni akamwita bintiye, "Ashaa!" Taa ikawaka. Akamwita tena baada ya magharibi, ikawaka tena. Huku pwani hukosi Asha kila nyumba tatu, na kwa modeli ile Asha na washa yalikuwa neno moja. Hakuna bodi ya dola mia mbili ambayo ingeniponya hapo. Dawa ilikuwa kurudi uani kurekodi majina: Asha, Mwanaasha, Aisha, nikaifundisha modeli kwamba hayo siyo. Makosa yakapungua, hayakwisha.

Aliyeyamaliza ni bibi anayekaa chumba cha mwisho. Nilimwamkia, nikamwomba aseme "washa" mara kumi kwenye simu. Akaniangalia. "Nimwambie nani?" Nikamwambia ni taa, Bibi, itakuwa inasikia. Akasema, "Hata kama ni taa. Neno la kutupa hivyo silisemi, mjukuu wangu. Mtu unamwambia niwashie."

Nilirudi chumbani nikiwa na sauti yake ya "niwashie" mara kumi, nikaichora kwenye laptopu niitazame. "Washa" ni silabi mbili, fupi, inafanana na nusu ya majina ya mtaa. "Niwashie" ina silabi nne na mwisho wake hauigongi Asha wala Aisha. Kwa kazi ya kutambua neno, refu lenye umbo lake ni bora kuliko fupi, na nilikuwa nimelisoma hilo bila kulielewa. Nikafuta mkusanyiko wote. Nikaanza upya na "niwashie" na "nizimie", nikazunguka tena kwa watoto, kwa mafundi, kwa jirani. Hiyo ilinichukua wiki tatu na haikunigharimu bodi mpya, kwa sababu ile ile ndogo ilitosha.

Ndiyo maana kijana akiniuliza anunue nini, namwambia achukue ESP32 na maikrofoni, na hela inayobaki anunue chaja nzuri na nyaya za akiba. Halafu namuuliza atarekodi sauti za nani.

Juzi jioni bibi alitoka na ndoo, giza limeshaingia, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Hebu niwashie taa." Ikawaka. Akaitikia, "Ahsante," akaenda zake bombani.