Siku tatu za baba na arobaini ya mama

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya malipo ya siku 84, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Baba haki yake ni angalau siku tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Wengi wanabishania hizo tatu, wakiwaonea wivu Wakenya wenye wiki mbili. Mimi zinanikera zaidi zile saba. Huku Mtwara na Lindi wiki ya kwanza ina wenyewe. Mke, hasa wa uzazi wa kwanza, mara nyingi hujifungulia kwao, au mama yake huja kushika nyumba mpaka arobaini itimie. Mwalimu wa Newala ambaye mkewe yuko kwao Nachingwea, siku mbili zinaishia barabarani. Ya kumtazama mtoto inabaki moja, na huenda akaimalizia barazani. Kazi hasa ya baba huanza mama mkwe akishafunga mzigo wake: usiku wa homa, foleni ya kliniki, mama anapojiandaa kurudi kazini. Hapo sheria haimjui tena.

Wanaopinga kuongeza siku husema wanaume watazimalizia kwenye bao. Hoja hiyo siipi uzito. Likizo ya mwaka nani huulizwa kaimalizia wapi? Ya gharama ndiyo nzito. Duka la dawa la Masasi lenye wahudumu watatu likimkosa mmoja wiki mbili, mwenye duka analipa mshahara na bado atafute wa kushikiza. Lakini ndiye huyo huyo anayesita mbele ya barua ya maombi ya binti aliyeolewa juzi, akizihesabu siku 84. Kijana wa kiume hahesabiwi chochote. Wiki mbili hazitasawazisha hilo, wala hazipaswi, maana mwanaume hakuzaa. Zitapunguza tu ile faida ya kumwajiri yeye.

Ningekubali hata siku kumi, baba azigawe apendavyo ndani ya miezi mitatu. Mwenye duka naye angepumua, kwa kuwa haziondoki kwa mpigo.

Dereva wa bodaboda hayumo kabisa kwenye hesabu hii, na kibarua wa ghala la korosho hayumo kwa vitendo: Oktoba hadi Desemba, siku asiyobeba gunia halipwi, awe na kichanga nyumbani au asiwe nacho.