Sheria ya dragi Memphis bado haijafa

Ndugu mwandishi, makala inasema mahakama ilifuta sheria ya Tennessee, jimbo la Marekani lenye mji wa Memphis, kuhusu maonyesho ya dragi, yaani wasanii wanaojipamba na kuigiza kama jinsia nyingine. Sheria hiyo inakataza maonyesho ya watu wazima yanayodhuru watoto kufanyika mahali watoto wanapoweza kuyaona. Umeishia katikati. Juni 2023 jaji wa shirikisho mjini Memphis aliizuia, baada ya kundi la maigizo la Friends of George's kushitaki. Julai 2024 mahakama ya rufani ikatengua hukumu hiyo, ikisema kundi halikuwa na haki ya kufungua kesi. Uhalali wa sheria yenyewe haikuugusa! Kwa hiyo mwenye baa akague vitambulisho mlangoni ili mtoto asiingie, asingoje kaunta: kosa la kwanza linaweza kuleta karibu mwaka mzima jela na faini ya dola 2,500.

Kwa mgeni wa onyesho: beba noti za dola 1 za kuwatuza wasanii, ishirini hivi, uzivunje mapema, maana chenji huisha onyesho likishaanza. Mnyooshee msanii noti, aichukue mwenyewe. Usimshike, usiguse wigi. Bakshishi hiyo ndiyo inayolipia nguo na vipodozi, msiidharau.

Na kijana aliyefukuzwa nyumbani asielekezwe baa. OUTMemphis, kituo cha wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia kilichopo mtaa wa Cooper-Young mjini Memphis, wanahudumia vijana wasio na makazi.