Shoka Halipimwi kwa Kilo

Kila asubuhi katika mtaa wetu wa Katuba hupita vijana wenye mkokoteni wakinunua vyuma chakavu, yaani mitraye kama tuitavyo hapa Lubumbashi, nami kila nikisikia sauti yao hutoka kwenda kuchungulia walichokusanya. Kati ya masufuria yaliyotoboka, vipande vya mabati na miguu ya vitanda, hukosi kuona kichwa cha shoka kisicho na mpini. Mwezi Juni mwaka jana nilikikuta kimoja humo, kizito, chenye kutu nene kama gome la mti, nikakinunua kwa bei ya mikate miwili. Kijana aliyeniuzia alinitazama kwa huruma, akaniuliza: "Mzee, utakifanyia nini? Mpini wake umekwisha kuoza." Aliuliza kwa heshima, lakini swali lake limenisumbua tangu siku hiyo.

Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni, nasi tumeigeuza methali hiyo kuwa hukumu ya kifo. Msimamo wangu ni kwamba kichwa cha shoka la zamani, maadamu bado kina chuma chake kigumu, kinastahili mpini mpya hata mara tano au sita, na kwamba mashoka mengi ya mji huu hayafi kwa uzee bali huuawa na matengenezo ya haraka. Mpini ni kitu cha kuchakaa, kama soli ya kiatu.

Hata hivyo, si kila kichwa kinafaa kuokolewa, na hapa ndipo siki inaposaidia. Mashoka mengi ya zamani hayakufuliwa kwa chuma cha aina moja. Mwili ulikuwa wa chuma laini cha bei nafuu, kisha mhunzi akachomeka mbele yake ulimi wa feleji, yaani chuma cha pua kilicho kigumu, akaviunganisha kwa moto na nyundo, kwa kuwa feleji ilikuwa ghali. Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengeneza saa wa Uingereza, alianza kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo karibu na Sheffield ili apate springi bora za saa, na kwa muda mrefu baada yake feleji ya namna hiyo ilitumiwa kwenye makali ya zana nzuri. Ndiyo maana utaona mashoka ya kale yaliyopigwa mhuri wa ACIER FONDU, maneno ya Kifaransa yanayomaanisha feleji iliyoyeyushwa.

Kichwa nilichonunua hakikuwa na mhuri wowote. Nilikilaza usiku kucha ndani ya beseni la siki nyeupe. Asubuhi kutu ilikuwa imelegea, ikatoka kwa brashi ya waya kama masizi yaliyolowa. Nilipokisuuza kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, kisha nikakianika juani, mstari ukajitokeza: nyuma yake chuma kilikuwa cha kijivu cheupe, mbele yake kijivu cheusi, na mpaka wenyewe ulipinda kama ukingo wa mto, ukibakiza feleji ya upana wa vidole viwili. Siki huitia feleji weusi zaidi kwa sababu ya kaboni iliyo ndani yake. Vidole viwili ni miaka mingi ya kazi. Kama mstari ungekuwa umefika kwenye makali, ningejua kwamba waliokuwa nalo walilinoa mpaka likaisha, na ningelirudisha mkokotenini bila kinyongo.

Kosa kubwa kuliko yote ni moto. Mpini ukivunjika karibu na kichwa, kisiki chake hubaki kimekwama tunduni, na njia ya mkato tuliyorithi wengi wetu ni kukitia kichwa kizima ndani ya mbabula, jiko letu la makaa, ili makala, yaani hayo makaa, yauunguze ule mti. Mti huungua kweli. Pamoja nao huondoka ugumu wa makali, kwa maana feleji iliyokwisha kugumishwa hulegea kadiri joto linavyopanda: ikifika nyuzi 220 hivi hupata rangi ya majani makavu, ikikaribia 300 huwa ya buluu, na makala yanayowaka vizuri yana joto la zaidi ya mara mbili ya hilo. Nilifanya kosa hilo mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa shoka la marehemu baba, nikajiona fundi. Pigo la kwanza kwenye gogo la mubanga, mti wetu mgumu, liliyakunja makali kama kifuniko cha kopo la maziwa. Mama hakunigombeza. Alilichukua lile shoka, akalifanya kizuizi cha mlango wa jikoni, na kwa miaka mingi kila nilipoingia kula bukari, yaani ugali, nililiruka.

Njia iliyo sahihi haina siri. Kisiki hukatwa kwa msumeno sawasawa na chuma, hutobolewa mara kadhaa kwa keekee, kisha hugongwa kutoka chini kwenda juu kwa kipande cha nondo butu, kwa sababu tundu la shoka ni pana zaidi upande wa juu. Kazi hiyo huchukua nusu saa, pengine saa nzima. Mbabula nayo huchukua nusu saa.

Wengine, wakichoshwa na mipini inayovunjika, humpelekea fundi wa kuchomelea akaunganishe kichwa na bomba la chuma. Juu ya jambo hili sina maneno ya upole. Moto wa kuchomelea hukiharibu chuma kama ulivyo moto wa makala, bomba halinyumbuki, kila pigo hurudi viganjani na kwenye viwiko, na siku kiungo kitakapopasuka kichwa kitaruka bila kuaga. Mpini wa mti hutoa taarifa kabla ya kuvunjika: hulia, huchanika nyuzi, hucheza mkononi.

Kuhusu mti wa mpini, ughaibuni husifiwa sana hikori ya Marekani, na madukani mwetu huuzwa mipini iliyopakwa vanishi ing'aayo ambayo hujui imeficha nini. Sisi tuna miti yetu. Mwembe usikudanganye kwa wingi wake uani. Ni mti wa kivuli na matunda. Jakaranda, pamoja na uzuri wake wote mwezi Oktoba, ni laini mno. Mubanga ni mgumu hata mchwa huushindwa, ila ni mzito, nao huchosha mkono kabla gogo halijachoka. Mimi huchonga nyundo ya kugongea kwa mti huo. Mpera ni mzuri sana, hunyumbuka na hauchaniki ovyo, lakini kupata mpera ulionyooka kwa urefu wa mkono mzima ni bahati. Kwa hiyo mara nyingi naishia kwenye mkaratusi, na sioni haya.

Jina la mti lenyewe lina uzito mdogo kuliko nyuzi zake. Kipande cha mpini kipasuliwe kwa kabari, kisichanwe kwa msumeno, kwa sababu mpasuko hufuata nyuzi, ilhali msumeno hupita popote. Nyuzi zikitokea ubavuni badala ya kwenda toka mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo mpini utakapovunjika, hata uwe mnene namna gani. Na unene wenyewe si sifa, maana mpini mwembamba kiasi humeza mshtuko ambao mnene huufikisha begani.

Kisha inakuja subira, na hapa hali ya hewa ya Katanga ina neno lake. Mti mbichi ukikauka husinyaa kwa upana, si kwa urefu, hivyo mpini uliovalishwa ukiwa na maji utacheza tunduni baada ya wiki chache. Mkaratusi ni mkaidi zaidi: ukikaushwa upesi hupasuka kwenye ncha, ndiyo maana ncha zake nazipaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango, nikaiweka mipini darini kwa miezi isiyopungua sita. Mvua zetu huanza kuelekea Novemba na kukatika mnamo Aprili, na kati ya hapo kila kitu cha mti mjini huvimba, milango hukwama. Kufika Agosti na Septemba hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Anayevalisha shoka mwezi Februari analivalisha mti uliovimba, naye atashangaa mwezi Agosti kichwa kikitikisika. Mimi huvalisha mwishoni mwa Septemba tu, mti ukiwa umesinyaa kadiri unavyoweza, ili mvua zikija zikaze kazi yangu badala ya kuilegeza.

Majirani zangu wana dawa nyingine: shoka likicheza, hulitumbukiza ndani ya ndoo ya maji usiku, na kesho yake kweli limekaza. Lakini nyuzi zilizovimba ndani ya chuma kisichotanuka zimejiponda zenyewe, na zikikauka hubaki nyembamba kuliko mwanzo. Wiki inayofuata ndoo inahitajika tena.

Siku ya kuvalisha ndiyo ninayoipenda. Napaka masizi ndani ya tundu, najaribisha mpini, nautoa, na popote penye weusi nakwangua kidogo kwa kipande cha chupa, mara kumi, mara kumi na tano. Juu ya mpini nakata mfereji wa kabari, kina chake theluthi mbili za kina cha tundu. Kisha naushika mpini hewani, kichwa cha chuma kikining'inia chini, nikakigonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mubanga. Asiyejua hungoja kichwa kianguke. Badala yake, kwa kila pigo chuma hupanda mtini, unywele kwa unywele, kwa kuwa uzito wake unakataa kushuka pamoja na mpini unaosukumwa. Na sauti nayo hubadilika, kutoka ko-ko tupu hadi mlio mfupi uliokaza. Mwisho naipigilia kabari ya mti mkavu mpaka igome. Misumari, ambayo wengi huipigilia badala ya kabari, huuchana mpini pale pale unapohitaji nguvu.

Lazima nikiri kwamba shoka hili la tundu ni mgeni kwetu. Wahunzi wa kale wa huku walifua shoka la namna nyingine: ubapa wenye mkia mwembamba, unaopenyezwa kwenye tundu lililochomwa katika kirungu cha mpini. Kila pigo huusukuma mkia ndani zaidi, hivyo shoka hujikaza lenyewe kwa kufanya kazi. Ukiuzungusha ubapa robo mzunguko, unapata tezo ya kuchongea kinu. Udhaifu wake ni kirungu kupasuka, lakini mkulima hukata tawi jingine na kuendelea, bila kabari wala masizi. Kwa kupasulia magogo manene bado nalipenda zaidi lile la tundu, kwa ajili ya uzito wake. Kwa kazi nyingine zote, nadhani babu zetu walikuwa wamefikiri zaidi.

Kunoa sitakuchosha nako. Tumia tupa kisha kinoo, si mashine ya umeme, kwa sababu mashine huleta ile ile rangi ya buluu niliyoitaja. Mpini upakwe mafuta ya kitani, ambayo hukauka. Mawese hayakauki, hunuka na kuteleza.

Lile shoka la Juni nililivalisha mwishoni mwa Septemba, na masika yote lilipasua mikaratusi iliyoangushwa na dhoruba mtaani. Mwezi Agosti huu nimeligonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio, likanijibu kwa ule ule mlio mfupi. Wiki iliyopita kijana wa mkokoteni alisimama langoni akiwa na vichwa vingine viwili, akataka kujua bei yangu. Nilimwomba aniachie usiku mmoja, nikavilaza ndani ya siki. Kimoja nilikinunua. Cha pili hakikuonyesha mstari wowote, ni chuma laini mpaka kwenye makali, nami nilimrudishia akakitupe mkokotenini pamoja na miguu ya vitanda.