Zawadi za nyumbani hazinunuliwi uwanja wa ndege

Likizo ikikaribia, sisi tunaoishi Uingereza huanza mazungumzo yaleyale: tiketi zimepanda, kilo za mzigo zimepunguzwa, na zawadi tutazipata wapi. Hakosi mtu wa kusema, "Usijisumbue, utanunua duty free, yale maduka ya uwanja wa ndege, kule hakuna kodi." Nimelisikia hilo Leicester, nimelisikia East Ham, na wanaolisema ni watu makini wanaohesabu kila senti wanapokwenda sokoni. Mimi naona ushauri huo unatutia hasara, na hasara yenyewe inamwangukia zaidi mwenye kipato kidogo na jamaa wengi.

Duka la uwanjani linaweza kukuuzia kitu kwa nafuu pale tu ambapo kodi ya mjini ni kubwa. Uingereza kodi kubwa iko kwenye pombe kali na sigara. Lita moja ya pombe kali ya asilimia 40, ushuru wake peke yake unapita pauni 12, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20 bado haijaongezwa. Kwenye pakiti ya sigara, zaidi ya nusu ya bei inakwenda serikalini. Anayenunua vitu hivyo anaokoa pesa kweli, sina la kubishana naye. Biashara hii tangu mwanzo ilisimama juu ya hoja hiyo: mwaka 1947, pale Shannon, Ayalandi, ambapo ndege za kuvuka Atlantiki zilitua kujaza mafuta, Brendan O'Regan alifungua duka akijenga hoja kwamba abiria aliyeko njiani hajaingia nchini, basi kodi ya nchi haimhusu.

Lakini sisi wengi, hasa watu wa Pwani na Visiwani, hatununui pombe wala sigara za kupeleka nyumbani. Tunanunua manukato, chokoleti, losheni, saa na simu. Na hapa pana jambo ambalo wengi bado halijawafikia. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Uingereza ilipomaliza kipindi cha mpito cha kujitoa Umoja wa Ulaya, serikali iliondoa msamaha wa VAT kwa bidhaa za kawaida zinazouzwa ndani ya viwanja vya ndege vya England, Scotland na Wales. Uliobaki ni wa pombe na tumbaku. Siku hiyohiyo ukafutwa na ule utaratibu wa mgeni kurudishiwa VAT ya vitu alivyonunua mjini na kuondoka navyo. Kwa hiyo ile chupa ya manukato unayoichukua Heathrow ukishapita ukaguzi, kisheria inatozwa VAT ileile ya dukani Leicester.

Hata msamaha ulipokuwepo, haukumfikia mnunuzi kila mara. Mwaka 2015 magazeti ya Uingereza yalifichua kwamba maduka kadhaa ya viwanjani yalikuwa yakimtaka mteja aonyeshe kadi ya kupandia ndege, hata kwa chupa ya maji. Kama mteja alikuwa anakwenda nje ya Umoja wa Ulaya, duka lilijirudishia VAT ya kile alichonunua, na bei ikabaki palepale. Watu walikasirika sana, na walikuwa na haki. Msafiri wa kwenda Dar es Salaam au Mombasa alikuwa ndiye hasa anayestahili nafuu ile.

Tukifika Dubai au Muscat, ambako wengi wetu tunabadilisha ndege, mtu hujipa moyo: hapa sasa ndipo penye bei. Tuangalie hesabu. Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT mwaka 2018, Oman mwaka 2021, na nchi zote mbili zilianza na asilimia 5. Kodi ikiwa asilimia 5, kusamehewa kodi hiyo ni kusamehewa hizo tano tu. Upande wa pili, duka la uwanjani lina mzigo ambao duka la Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, halina, maana mwenye uwanja kwa kawaida anachukua kodi ya pango na juu yake sehemu ya kila kinachouzwa. Mzigo huo haulipwi na mwingine, unaulipa wewe kaunta.

Dhahabu inaonyesha wazi zaidi. Soko la dhahabu la Deira, bei ya gramu ya siku inajulikana, na mnachopatana ni gharama ya ufundi. Mama zetu wanaijua kazi hiyo. Anakaa, anaagiza bangili ipimwe tena, anasimama kama anaondoka, anaitwa, ufundi unashuka. Uwanjani hakuna kuketi wala kuitwa. Na anayerudi Uingereza na bangili hizo akumbuke kwamba msamaha wa mizigo ya kawaida huku ni pauni 390, na kitu kimoja kikipita hapo kinatozwa kwa thamani yake yote, si kwa kile kilichozidi.

Nimeishi huku muda wa kutosha kujua kwamba Waingereza na sisi tuna njia tofauti za kujilinda tusipunjwe. Huku kila kibandiko cha rafu ya supamaketi kinaandika bei ya kitu na chini yake, kwa herufi ndogo, bei ya gramu 100. Mtu anasimama anasoma, analinganisha, anasubiri ofa. Nyumbani ulinzi wetu ni mdomo na kujuana: "Mwisho ngapi?" "Mimi mteja wako, usinifanyie hivyo." Njia zote mbili zinafanya kazi, kila moja kwao. Uwanja wa ndege umekunyima zote. Huwezi kupatana bei, na huwezi kulinganisha, kwa sababu boksi la chokoleti limetengenezwa kwa ukubwa ambao mjini haupo, chupa ni ya lita moja badala ya mililita 700, manukato yamefungwa matatu pamoja. Duka la jirani hulioni. Saa ya ndege inasogea. Ukitoa kadi ya benki, mashine ya Dubai inakuuliza kama ulipe kwa pauni au dirham, fedha ya kule, na ukibonyeza pauni mara nyingi umekubali kiwango kibaya cha kubadilishia fedha juu ya bei mbaya. Bonyeza dirham daima.

Kinachoniuma zaidi ni mahali shinikizo linapotoka. Nyumbani tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na anayetoka Ulaya anatarajiwa aponye ukoo mzima. Pita usiku wa manane kwenye maduka ya Doha, karibu na mageti ya ndege za Afrika Mashariki, utamkuta dada wa Kiswahili na kikapu, simu sikioni, akisoma orodha iliyotumwa kwa WhatsApp alfajiri ya kuondoka: losheni ya mamdogo, saa ya mume wa shemeji, pipi za watoto wa jirani aliyehamia juzi. Anaondoa kitu kikapuni, anakirudisha, anapiga hesabu tena. Huyo dada anafanya usafi wa ofisi usiku na anatunza wazee mchana. Hakuna haki yoyote katika yeye kulipa bei ya juu kabisa saa nane za usiku, ati kwa sababu hapo kodi imesamehewa.

Halafu fika soko la Darajani, Unguja, kesho yake. Makopo yaleyale ya tofi yamepangwa mpaka dari, tende za maboksi zile zile, losheni ile ile. Kariakoo ndiyo usiseme. Wafanyabiashara wetu wanakwenda wenyewe Dubai na Guangzhou, wananunua kwa jumla, wanaleta kwa kontena, na wanauza kwa faida ndogo kwa sababu mlango wa pili kuna mwenzao anauza kitu hichohicho. Mzigo wa kontena umelipiwa ushuru wa forodha na VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya 16, na bado mara nyingi bei inakuwa chini ya ile ya uwanjani. Simu ukiinunua kwa muuzaji anayejulikana, ikileta matatizo unamrudia. Ya uwanjani utamrudia nani?

Kuna na dhana nyingine lazima niiseme, maana imewaliza watu kaunta za forodha. Kusamehewa kodi pale uliponunua hakukusamehe kodi pale unapoingia. Mamlaka ya mapato ya nyumbani ina viwango vyake. Mwezi Novemba 2023, mamlaka ya Kenya ilipowakumbusha wasafiri kwamba vitu vya zaidi ya dola 500 vinatozwa, kelele zilikuwa kubwa, na wengi waliopiga kelele walikuwa wanaamini risiti ya duty free inawalinda. Haiwalindi. Inachofanya ni kumwonyesha afisa bei halisi uliyolipa. Viwango hubadilika, kwa hiyo viulizie kabla hujasafiri.

Mimi ninavyofanya ni hivi. Chokoleti nazinunua Januari, makopo ya Krismasi yanaposhushwa bei, nikiwa nimeangalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Manukato nayanunua siku za ofa, nayaweka kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, maana hata ya uwanjani, ukiyabeba mkononi ukabadilisha ndege njiani, yanatakiwa yabaki kwenye mfuko uliofungwa na duka, risiti yake ikiwa ndani. Ukiufungua ukiwa na hamu ya kunusa, ukaguzi unaofuata unaweza kuyachukua. Na sehemu kubwa ya pesa ya zawadi siigusi kabisa mpaka nifike.

Wakati wa kurudi ni hivyohivyo. Karafuu, hiliki, mdalasini na kahawa vinapangwa uwanjani kwa vifurushi vizuri vyenye bei ya dola, na Darajani vipo kwa shilingi, vimepimwa mbele yako, vinanukia mpaka barabarani. Niulize mzee gani anayejiheshimu angenunua karafuu kwa dola akiwa Unguja.

Wapwa zangu wameshaanza kuuliza safari hii nitawaletea nini. Nimewajibu kwamba siku ya pili baada ya kufika tutakwenda madukani Mchangani sote, kila mmoja achague chake cha sikukuu, na kupatana bei tutamwachia bibi yao.